Matanga ya Mjomba Rajabu

Enzi zetu pale Kilosa, bahari ilikuwa kitu cha kusomewa. Sisi hatukuwa tumeiona, wazazi wetu wengi hawakuwa wameiona, na nadhani hata Mwalimu Semwenda aliyetufundisha Historia alikuwa akiisikia redioni tu. Maji makubwa tuliyoyajua ni ya Mto Mkondoa. Kiangazi ulituachia mchanga mweupe wa kuchezea rede, na masika ulipanda mpaka majumbani ukachukua kuku, sufuria na kandambili za mguu mmoja mmoja. Mliokulia kule mnakumbuka. Tulikwenda shule na fagio la chelewa begani na kipande cha muhogo mfukoni, miguu iking'aa mafuta ya mgando mpaka inzi wanateleza. Leo naona watoto wanashushwa kwenye gari mlangoni mwa darasa, na bado wanalalamika kwamba wamechoka.

Darasani tulikuwa na kitabu kimoja cha Historia, naye Mwalimu Semwenda ndiye aliyekishika. Alisoma, sisi tukaandika. Siku moja, tukiwa darasa la tano, akasoma kwamba Wareno walitoka Ulaya wakiwa na meli kubwa zenye milingoti mitatu na matanga meupe.

Sasa, ndugu msomaji, nielewe vizuri. Ulaya sisi tuliifahamu. Ni kijiji kwenye njia ya kwenda Mikumi, jirani na Zombo, na rafiki yangu Chogo, tuliyemwita hivyo kwa sababu ya kisogo chake, alikuwa na shangazi anayelima ufuta huko. Milingoti nayo tuliijua: ile miti mirefu inayochomoka katikati ya mkonge unapozeeka, imejaa tele kwenye mashamba ya Kimamba. Na matanga ni nani asiyeyajua? Matanga ni msiba. Ni mikeka iliyotandikwa uani, akina mama waliojifunga khanga kiunoni, sufuria kubwa na wanaume wanaocheza bao kimyakimya.

Chogo akanyoosha mkono.

"Mwalimu, nani alikuwa amekufa?"

"Amekufa wapi?"

"Kwenye meli. Si umesema walikuwa na matanga?"

Darasa zima tulitaka kujua. Mwalimu Semwenda akatazama kitabu, akatazama nje ya dirisha kuelekea stesheni, akarudi kwenye kitabu. Akakohoa.

"Baharini ni mbali," akasema. "Watu wanakufa njiani. Ndiyo maana walisafiri na matanga yao kabisa. Andikeni."

Tukaandika.

Jioni hiyo tukazua mchezo. Tuliburuta milingoti ya mkonge mpaka mtoni, tukaipanga mchangani, tukatandika gunia katikati, na hiyo ikawa meli. Chogo alikuwa nahodha. Kazi yetu wasichana ilikuwa kukaa kwenye gunia na kulia mpaka meli ifike. "Lieni, lieni, upepo umepungua!" alikuwa akipiga kelele, nasi tunaangua kilio hadi ng'ombe wa watu wanageuka kututazama.

Mchezo ule uliuawa na bibi yangu, mzaa mama. Alikuja na ndoo kichwani, akatukuta tumekaa duara tukilia. Sijawahi kumwona mtu akibadilika uso haraka namna ile. Aliitua ndoo chini, akavuta gunia kwa nguvu tukabiringika sote.

"Msiba hauchezewi!" akafoka. "Mnauita, nao una masikio!"

Chogo alitaka kueleza habari za Wareno. Hakupewa nafasi.

Mimi nilijua kilichomchoma. Bibi alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Mjomba Rajabu, kaka yake mama yangu. Babu alikuja zamani kutoka kusini kukata mkonge Kimamba, na Rajabu alizaliwa kambini pale, akajifunza kusokota kamba kabla hajajua kuandika jina lake. Kabla mimi sijapata akili ya kumkumbuka, aliamka alfajiri akapanda treni ya Dar es Salaam bila kuaga. Tangu hapo, kimya. Hakuna barua wala salamu, hakuna aliyemwona. Miaka ilipita, ndugu wakaanza kumshauri Bibi taratibu: akae matanga, asome dua, apumzike. Yeye aliwajibu neno lilelile kila mara.

"Sikai matanga ya mtu ambaye sijamwona amelala."

Mtaani kwetu alikuwa akiitwa Mama Rajabu. Baadhi ya majirani, kwa huruma tu, wakaanza kumwita Mama Zena, kwa jina la binti yake wa pili. Wakimwita hivyo hakuitika. Alikuwa anapita kama kiziwi mpaka mtu ajirekebishe: "Mama Rajabu, habari za asubuhi?" Hapo hugeuka, akacheka, akauliza habari za watoto wote mmoja mmoja.

Basi, mwaka huohuo wa mchezo wetu, habari ikaja kutoka Mikumi. Mama mdogo Zena alikuwa na mgahawa pale malori yanapopumzikia, na utingo mmoja aliyekulia Kimamba alimwambia kwamba amemwona Rajabu kwa macho yake bandarini Dar es Salaam. Rajabu alikuwa na Wazungu waliojenga meli mfano wa zile za wavumbuzi wa kale, za mbao tupu na kamba, nao wanazunguka nazo bandari hadi bandari, watu wanapanda kuzitazama. Tena meli yao ndogo ilikuwa inabebwa kwa barabara kupelekwa Ziwa Nyasa ikaonyeshwe huko. Itapita Mikumi.

Bibi alichota maji. Alioga, akavaa khanga mpya iliyokuwa sandukuni, akanishika mkono. "Mke mwenzangu, twende tukamtazame mume wetu," akanitania. Tukapanda pikapu ya mizigo, tukapita Ulaya, nami nikachungulia nione kama kuna Mreno yeyote aliyebaki. Niliona mbuzi na mama mmoja anayeanika mihogo.

Meli ilifika Mikumi mchana, siku ya pili. Nimeona mambo mengi tangu siku ile, lakini mshtuko ule haujapata ndugu. Kwanza ilikuja gari yenye bendera nyekundu, ikipiga honi. Halafu, juu ya lori lenye magurudumu nisiyoweza kuyahesabu, ikaja nyumba ya mbao nyeusi iliyochongoka mbele, ina tumbo kubwa kama mjamzito, ina madirisha madogo ubavuni, na mbele kabisa amechongwa mwanamke asiye na miguu. Muuza mayai alisimama mayai yakiwa kichwani. Nyuma ya usukani wa meli, akiwa ameshika kama mwenyewe, alikaa nyani dume aliyedandia mbugani, na mwenzake alikuwa anatafuna kamba.

"Hii inaendeshwa na nyani?" akauliza mzee mmoja, naye hakuwa anatania.

Lori likaegeshwa karibu na mgahawa wa Mama mdogo. Bibi alikuwa anatazama watu tu, uso kwa uso, kila aliyeshuka. Hakumwona wake. Akamwendea kijana mmoja wa meli, kijana wa pwani, maana Kiswahili chake kilikuwa laini kama uji.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Namtafuta mwanangu. Anaitwa Rajabu. Anasokota kamba."

"Rajabu!" Uso wa kijana ukachangamka. "Rajabu wa matanga?"

Bibi akaubana mkono wangu. "Wa nini?"

"Wa matanga, bibi. Sisi Rajabu tuliyenaye ni huyohuyo mmoja. Matanga yake yako nyuma, kwenye lori jingine. Limeharibika pale Doma. Msubiri tu, jioni hii yatafika, mtayaona wenyewe."

Alikuwa anatabasamu aliposema hivyo, nami nikaona kweli watu wa pwani hawana haya. Mara akaitwa kwenda kufukuza nyani, akakimbia.

Bibi hakupiga yowe. Alikaa chini palepale barabarani, khanga yake mpya kwenye oili iliyomwagika, akavua mtandio. Mama mdogo Zena ndiye aliyepiga yowe, na yowe likaleta majirani.

"Lakini meli inabebaje matanga, jamani?" aliuliza mmoja wao.

"Meli za namna hii huwa nayo," nikasema, nikilia. "Mwalimu ametuandikisha. Walitoka nayo Ulaya."

"Mtoto anasoma," akasema jirani, na neno hilo likamaliza ubishi wote.

Mnajua jinsi msiba wetu unavyokusanyika. Kabla jua halijasogea, mikeka ilikuwa imetandikwa nyuma ya mgahawa, sufuria ziko motoni, madereva wamezima redio zao. Mama wa Kisukuma aliyehamia na mifugo yake pembezoni mwa mji alileta maziwa kwenye kibuyu, akakaa bila kumjua yeyote. Hata Mzungu mmoja wa meli, mwenye masikio mekundu, alipoona watu wamekaa alivua kofia, akatusalimu kwa mkono sote, akaketi mkekani miguu ikiwa imenyooka mbele, akapewa chai. Tulikuja kuambiwa baadaye kwamba alidhani ndivyo tunavyopokea meli.

Bibi alikuwa katikati yao, ameegemea ukuta. Mtu aliyekataa miaka yote kukaa matanga, sasa amekaa. Kila baada ya kitambo aliuliza jambo moja: "Bado hawajamleta?" Kisha akalia, si kwa kelele, bali kama mtu anayekohoa. Nilishtuka kuona kwamba mtu mzima ana machozi mengi kiasi kile.

Jua lilipoinamia milima, lori la pili likaja. Likasimama. Turubai likafunuliwa, na wanaume wanne wakashusha begani kitu kirefu, kimeviringishwa katika kitambaa cheupe na kufungwa kwa kamba mwanzo, kati na mwisho.

Hapo vilio vikapasuka. Mama mdogo alianguka. Mama wa Kisukuma alilia kwa lugha yake. Mzungu naye akainuka, ameshika kikombe, hajui aende wapi.

Yule mbebaji wa mbele, mtu mrefu mwenye ndevu chache, alipoona watu wamekaa katika hali ile, aliwaambia wenzake wasimame. Wakalitua lile furushi polepole, kwa adabu. Akasogea, akainama.

"Poleni sana, mama zangu. Msiba wa nani?"

"Wa Rajabu," wakamjibu.

"Rajabu gani?"

"Mtoto wa mama huyu. Mtu wa Kilosa. Si ndiye mnayemshusha?"

Yule mtu akageuka kulitazama furushi, akamtazama mwanamke aliyeegemea ukuta.

"Mama?" akasema.

Watu walikimbia. Nakumbuka viatu vilivyobaki mkekani. Dereva mmoja mnene aliingia chini ya lori lake. Bibi peke yake hakukimbia. Alisimama kwa kushika ukuta, akamwendea, akamtazama miguu kwanza, kama imegusa ardhi. Akavuta mkono wake wa kushoto, akapandisha shati, akatafuta kwa kidole kovu la mwiba wa mkonge. Akalipata. Halafu akainua mkono akampiga kofi lililosikika ng'ambo ya barabara.

"Shikamoo, mama," akasema Rajabu, ameshika shavu.

Bibi hakuitikia marahaba. Kwetu hilo ni jambo zito kuliko kofi.

Ilichukua muda mrefu, na kijana wa pwani akibembelezwa atoke alikojificha, mpaka tukaelewa. Furushi likafunguliwa mbele yetu, nguo nyeupe ikatandazwa kwenye nyasi, kubwa kuliko paa la mgahawa. Nguo ya kukamatia upepo. Hayo ndiyo matanga, wakasema, na Mjomba Rajabu ndiye aliyeyashona na kuyafunga kamba. Wazee wakaja kuyapapasa. "Kumbe!" wakasema. "Kumbe!" Mimi nilisimama mdomo wazi, nikimfikiria Mwalimu Semwenda na madaftari yetu arobaini na kitu, yote yamejaa Wareno wanaolia.

Chakula kilikuwa kimeiva, basi kikaliwa. Madereva walicheka mpaka wakashika mbavu. Lakini Bibi na mwanawe walikaa pembeni hawacheki.

"Nilitaka nije nikiwa na kitu mkononi, mama," alisema Mjomba. "Kila mwaka nikaona bado sina."

"Ulikuwa na miguu," akajibu Bibi.

Asubuhi malori yakawashwa. Watu wote walijua kitakachotokea: Mama Rajabu atamshika mwanawe amrudishe Kilosa, hata kwa kumfunga kwa kamba zake mwenyewe. Mama mdogo alikwisha kumtafutia nafasi kwenye pikapu. Bibi akasimama katikati ya barabara mbili, moja ya kurudi nyumbani, moja ya kwenda ziwani.

"Aende," akasema.

"Mama!" Zena akang'aka. "Jana ulikuwa unamlilia!"

"Nimemlilia, yameisha. Safari ile ya kwanza aliondoka sijamwona. Leo nataka nimwone anavyoondoka." Kisha akamgeukia Rajabu, akakiweka kiganja kwenye shavu lilelile. "Marahaba, mwanangu. Ila uje."

Akaja. Alikuja Kilosa kila meli ilipompa nafasi, amebeba samaki wakavu wa ziwani, na nyumba ikijaa watoto kusikiliza. Safari nyingine alifika bila taarifa, amekaa kizingitini anasokota kamba tunaporudi kisimani, na Bibi anapiga vigelegele vya kuamsha mtaa. Hatukujua lini atatokea. Tuliishi tumetega sikio, na kila treni iliyopiga honi ilikuwa huenda ni yeye.

Halafu simu zikaja, na baadaye zile za kuonana uso kwa uso. Mjomba alimnunulia Bibi moja. Kila Ijumaa Bibi alijifunga mtandio safi, akakaa mbele ya kioo kile, akamwona mwanawe ananeemeka na kuota mvi. Tukasema, ama kweli dunia imerahisika. Mtu haumizwi tena na kimya. Vijana wetu wa leo, ujumbe ukikaa na tiki moja kwa robo saa, wanatangaza msiba. Wangeweza kungoja miaka ile aliyoingoja Bibi? Wangekufa wao kwanza. Lakini sikugundua, wala sidhani Bibi alikubali kugundua, kwamba kadiri Ijumaa zilivyoongezeka ndivyo kizingiti kilivyozidi kuwa kitupu. Mara ya mwisho nilipomuuliza mjomba anakuja lini, alinijibu kwa mshangao wa kweli: "Nije tena? Si tunaonana kila wiki?"

Bibi alifariki mwaka huu, alfajiri ya siku ambayo meli ya mjomba, sasa ile kubwa ya baharini, ilikuwa imefunga gati Dar es Salaam, imerudi baada ya ziara ndefu. Dar, si ng'ambo. Na siku hizi treni ya umeme inatoka kule ikafika Kilosa kabla chai haijapoa. Tulimpigia. Alilia, na kilio chake kilikuwa cha kweli, nakiapia. Tukamwambia mazishi ni alasiri, tutamsubiri. Nilimpigia tena saa nne. Nikapiga saa sita.

"Meli imejaa wageni, mjomba," akaniambia. Nyuma yake niliona kitambaa cheupe kimejaa upepo, na vijana wamepanga foleni wakijipiga picha chini yake. "Leo ndiyo siku ya maonyesho, hakuna wa kunishikia. Niwasheni tu hapohapo, nitakuwa nanyi mwanzo mpaka mwisho."

Nikamtazama. Nikawageuzia simu waliokuwa uani. Kwetu hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililonishtua kuliko yote. Watu walisema afadhali, angalau anaona. Enzi zetu mtu alikuja kwenye lori bovu kutoka Doma akaukuta msiba wake mwenyewe. Leo njia imefupishwa hivi, na uani kwa Mama Rajabu walikuwepo wote, mpaka Chogo, mzee mzima mwenye kitambi, isipokuwa Rajabu.

Jeneza lilipoinuliwa, nilikuwa nimeishika simu juu ya vichwa vya watu. "Sogeza kushoto kidogo, mjomba," sauti yake ikasema, "jua linaniwakia." Nikasogeza. Sisi wanawake hatuendi makaburini, kwa hiyo simu nilimkabidhi binamu yangu Idi, mtoto wa Mama mdogo Zena, ambaye alikuwa na zamu ya kubeba na alihitaji mikono yote miwili. Idi akaifuta simu kwa kiganja, akaitumbukiza kwenye mfuko wa shati, jicho la kamera likiwa limechungulia nje.

Tukabaki uani. Niliwatazama wanaume wakipokezana jeneza mpaka kwenye kona ya reli, na mjomba wangu akaenda kumzika mama yake akiwa ndani ya mfuko wa shati.